Bahari Kigeugeu na Msumari Mtupu

Juni 1

Nina miaka themanini na moja, na anayebisha akamuulize mama yangu huko kaburini. Nimeishi miaka mingi kuliko ndugu zangu wote waliozaliwa tumbo moja na mimi. Nimeishi kuliko mameneja watatu wa ghala, kuliko tuta la zamani lililobebwa na maji, kuliko meno yangu, na kuliko daktari aliyenikataza tumbaku. Huyo nilimzika mwenyewe nikiwa na kiko mdomoni. Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Mimi nimeila na nimeitengeneza.

Shule nilikaa kidogo tu. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye magunia, kwa brashi na rangi nyeusi, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Asiyependa asisome.

Daftari hili nimeanza kwa sababu moja: kisasi.

Nieleze, maana atakayesoma huenda hajui kazi yetu. Sisi tunakausha maji ya bahari. Tuna mabwawa mapana, ya kina kifupi, yamepangana kando ya mfereji mmoja. Jua linanyonya maji, chumvi inabaki chini, inaganda kama ukoko wa sufuria, tunaikwangua kwa reki. Adui ni mvua. Lakini mvua ikinyesha, maji yake hayazami mara moja. Hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiufungua mapema mlango ulio mwisho wa mfereji, maji ya mvua yanateleza yanaenda zake na chumvi inabaki salama. Ukichelewa, upepo umeshakoroga kila kitu, na chumvi ya watu wote imeyeyuka.

Mlango huo wa chuma unainuliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, na mkono ni mmoja tu. Tangu enzi za babu zetu mkono hauachwi mlangoni, maana zamani wenye vinyongo walikuwa wanafungulia wenzao maji kwa makusudi. Unalala nyumbani kwa mtu mmoja anayeaminiwa na wote, umefungwa kitambaa, unaning'inia kwenye msumari sebuleni. Mtu huyo alikuwa mimi. Miaka arobaini! Waliniita Babu Mlango.

Mwaka jana wingu lilikuja ghafla wakati wa chakula cha mchana. Nilichomoa mkono msumarini nikakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kiko wapi. Nikachelewa. Kwenye mkutano alisimama shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, nimemwona akijifunza kutembea. Akasema, "Shemeji yangu nampenda, lakini tuseme ukweli, mzee bahari imemshinda." Watu wakapiga makofi. Jioni yake akaja kwangu, akautoa mkono ukutani mke wangu akiona, akaubana kwapani kama mkate, akaondoka nao.

Msumari umebaki mtupu. Nauona kila nikinywa chai.

Basi, kila siku nitaandika bahari ilivyokuwa asubuhi na ilivyokuwa jioni, na makosa ya shemeji. Mkutano wa kufunga msimu nitasimama nisome yote, mbele ya hao hao waliopiga makofi, mpaka mkono urudi kwenye msumari wangu.

Juni 4

Jua. Upepo wa kawaida. Shemeji anapita juu ya tuta kifua mbele kama amelizaa yeye. Kosa: hakuna. Bado.

Juni 9

Asubuhi nimewaambia wote, jua litakaa mpaka wiki iishe. Mimi nikisema nimesema.

Juni 10

Imenyesha. Si mvua, ni mate ya wingu. Haihesabiwi.

Juni 13

Niandike jambo moja. Zamani bahari ilikuwa na adabu. Ikitaka kukasirika ilinuna kwanza. Siku moja kabla, unaona upande wa maji makuu pamekuwa peusi kidogo, ndege wanarudi, magoti yanauma. Kesho yake ndiyo inanyesha, inanyesha siku mbili tatu, inamaliza hasira, halafu jua linarudi na kukaa muda mrefu. Ulikuwa na nafasi ya kula, kulala, kuamka, kunyoa ndevu, kuchukua mkono na kwenda mlangoni kwa heshima zako, watu wakikusalimia njiani.

Siku hizi asubuhi inacheka, saa nne inalia, saa sita inacheka tena. Kama mtu aliyechanganyikiwa. Na magoti yangu yanauma kila siku, kwa hiyo hayana maana tena.

Juni 17

Amekuja yule mama wa idara ya hali ya hewa, anayekuja na boti ya injini kuangalia boya la vipimo huko nje baharini. Sisi tunamwita Mama Boya. Alifika tutani kuomba maji ya kunywa, akaniona naandika.

"Babu, shikamoo. Unaandika nini?"

"Marahaba. Naandika bahari."

Akachangamka kama mtoto aliyeona peremende. "Kila siku? Asubuhi na jioni? Naomba nione."

"Huoni. Hiki ni kisasi, si sayansi."

Akacheka, akakaa. Akaniambia kwamba mvua tunayopata kwa msimu mzima, ukiijumlisha, haijabadilika sana na ile ya ujana wangu. "Wastani ni uleule, babu. Kilichoongezeka ni mruko. Tofauti kati ya leo na kesho, kati ya asubuhi na jioni. Huko baharini hali inarukaruka kuliko zamani, na mwaka hadi mwaka miruko inazidi."

Nikamuuliza, "Huyo wastani ni mtu gani? Amewahi kukwangua chumvi?"

"Hapana."

"Basi asinisemee."

Mke wangu alikuwa anapita na toroli. Akamwambia, "Mwanangu, usijisumbue. Huyu hata harusini kwetu alibishana na mfungisha ndoa."

Juni 18

Jua.

Juni 19

Jua. Shemeji amepaka nywele rangi nyeusi. Imemtiririka masikioni kwa jasho. Nimeandika hili ingawa si kosa la mlango.

Juni 26

Leo siku tamu! Asubuhi wingu limekuja jeusi, zito. Shemeji katoka mbio na mkono wake, kafungua mlango. Wingu likapita juu yetu, halikudondosha hata tone, likaenda kunyeshea samaki. Maji mazuri ya chumvi, yaliyokaa juani wiki nzima, yameondoka kwenda baharini. Watu wamenuna. Mmoja kasema kwa sauti, "Afadhali Babu Mlango." Nimesikia kwa masikio yangu mawili, na sikio la kushoto huwa halisikii.

Nimekula sahani mbili. Mke wangu kaniangalia.

"Leo una hamu ya chakula."

"Hali ya hewa nzuri."

"Chumvi yangu nayo imeondoka na yale maji, baba watoto. Unakula huku unachekelea hasara yangu."

Nikamwambia vita vina gharama zake. Akaondoa sahani sijamaliza.

Julai 3

Habari za kunifurahisha. Wifi yake mke wangu, yaani mke wa shemeji, amemnong'oneza kisimani kwamba shemeji siku hizi hautundiki mkono ukutani. Anauficha, leo chini ya kitanda, kesho nyuma ya masanduku. Anaogopa nitauiba.

Mimi niibe? Mimi nataka kupewa. Nataka autoe kwapani mwake auweke mkononi mwangu, watu wakitazama, ikiwezekana huku ameinama.

Lakini kwa kuwa anaogopa, nimeanza kupita mbele ya nyumba yake kila siku napiga mluzi. Leo nimempata dirishani.

"Shemeji, unatafuta nini hapa?"

"Natembeza magoti."

"Njia ni ndefu, yatembeze kwingine."

"Njia ni ya baba yako?"

Akafunga dirisha. Nimerudi nyumbani kijana.

Julai 8

Asubuhi jua, mchana radi bila mvua, jioni upepo wa kung'oa kofia. Shemeji hakufungua. Hakukosea. Imeniuma.

Mke wangu, ambaye anajua kusoma kunizidi, amelichukua daftari bila ruhusa. Amesema, "Makosa ya kaka yangu umeyaandika yote. Na yako? Juzi ulisema mvua, tukalala na maturubai, nyota zikatucheka. Jana ukasema jua, nguo zangu zikalowa kambani. Andika na yako."

Nimeandika, ili asinisumbue. Ni mengi kidogo kuliko ya shemeji. Lakini mimi sina mkono. Mtu asiye na mkono akikosea hamwumizi mtu.

Julai 15

Tumegombana kuhusu ukoko. Mimi chumvi yangu siikwangui mpaka ukoko uwe unene wa vidole viwili. Hiyo ndiyo chumvi ya sifa, punje kubwa, unaitafuna inalia. Mke wangu mabwawa yake anakwangua ukoko ungali mwembamba kama ganda la yai, kila siku kidogo kidogo, anarundika tutani na kufunika turubai.

"Hiyo ni chumvi au vumbi?"

"Ni chumvi iliyoko nchi kavu," akasema. "Yako iko wapi?"

Nikamwonyesha bwawani. Vidole viwili kasoro kucha. Watu wengi wamenifuata mimi, wanasubiri unene. Mke wangu yuko peke yake na vumbi lake.

Julai 20

Jua.

Julai 21

Jua. Ukoko unang'aa mpaka macho yanauma. Wiki hii tunakwangua. Hata shemeji ana ukoko mzuri, mshenzi.

Julai 24

Naandika yote. Nguo bado zimelowa.

Asubuhi ilikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Baada ya chakula cha mchana nikatoka kutembeza magoti mbele ya nyumba ya shemeji kama kawaida yangu. Watu wengine walikuwa mabwawani, reki mkononi. Yeye alikuwa ameenda kula na kujinyoosha kidogo, kama nilivyokuwa nafanya mimi, kama alivyokuwa anafanya baba yangu enzi zake.

Nikageuka kutazama bahari, nikaliona. Mimi ndiye niliyeliona kwanza. Halikuwa wingu hata, lilikuwa doa, upande wa maji makuu, kama mtu ameweka kidole gumba kichafu kwenye ukuta mweupe. Wakati naliangalia likanenepa. Likaota shingo. Nikajua.

Mlango wa shemeji ulikuwa hapo, hatua chache mbele yangu. Kubisha tu.

Nikaona jiwe lililo ng'ambo ya njia, nikaenda nikakaa.

Nilijiambia, mwache achelewe. Mwache atoke na kiatu kimoja. Mwaka jana hakuna aliyenibishia mimi mlango. Nikawasha kiko. Ndani ya nyumba nikasikia masanduku yanaburutwa, na shemeji anamfokea mke wake, "Uliyasogeza wewe? Uliyasogeza?" Nikadhani wanagombana mambo ya nyumbani. Nikafurahi zaidi. Moshi wa kiko ulikuwa mtamu kuliko wa siku zote.

Hata nusu ya kiko sijamaliza, jua likazimika. Upepo ukaja mara moja, baridi, una harufu ya mvua. Mlango ukafunguka kwa kishindo na shemeji akatoka na mkono wa chuma, shati halijafungwa vifungo, mguu mmoja una kiatu. Kiatu kimoja! Nilikuwa nimekiomba kile kiatu mwaka mzima. Akanipita bila kuniona, anahema, rangi ya nywele inamtiririkia shingoni.

Nikafungua mdomo nicheke. Nilikuwa nimekiandaa kile kicheko, nilikuwa nakifanyia mazoezi chooni. Kikakwama. Maana nilimtazama kwa nyuma anavyokimbia, viwiko vimetoka nje, kichwa kimeinama, chuma kinamgonga paja, nikajiona mimi. Na nikaona njia ilivyo ndefu toka pale mpaka mlango wa maji, na mvua ilivyokuwa imeshafika upande wa pili wa mabwawa, nyeupe kama pazia. Hata angekuwa farasi asingewahi.

Nikamfuata. Magoti yalilalamika nikayaambia yanyamaze.

Nilipofika alikuwa anazungusha mkono, watu wamemzunguka, wamelowa chapachapa. Mlango ukainuka, lakini upepo ulishakoroga. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maziwa. Ilikuwa chumvi yetu inaondoka. Nilionja. Kali.

Halafu mvua ikakatika, hivi, kama bomba lililofungwa. Jua likatoka. Mawingu hata hayakuomba radhi. Kila mtu amesimama, reki mkononi, anatazama bwawa lake tupu linalometameta.

Kijana mmoja wa mabwawa ya juu akasema, "Mzee bahari imemshinda."

Maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasubiri toka mwaka jana kuyasikia yakisemwa juu ya shemeji. Nilidhani yatakuwa asali. Shemeji aliposikia, uso wake ulinywea, na mkono wa chuma ukamwanguka, ukagonga jiwe. Sijui kwa nini niliinama mimi kuuokota. Uzito wake ni uleule. Nikausimika palepale kwenye mlango, nikamwambia yule kijana, "Na wewe imekushinda, punguani. Huoni umelowa?"

Vidole vyangu viwili vya ukoko vimekwenda. Vya shemeji vimekwenda. Vya wote. Kilichobaki ni lundo la mke wangu, kavu, chini ya turubai.

Julai 25

Jua, kama vile hakuna kilichotokea. Bahari imelala, haina hata kunyanzi. Haina haya.

Nilimwambia mke wangu yote, na kile kiti cha jiwe. Nikamwambia pia, "Lakini hata ningebisha asingewahi. Niliona kwa macho."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ungebisha," akasema.

"Nakwambia asingewahi."

"Nimesikia. Ungebisha."

Akaendelea kuchambua mchele.

Julai 27

Nimekwenda mwenyewe gatini kumngoja Mama Boya. Nimempa daftari. Nikamwambia aruke kurasa zinazohusu nywele za mtu.

Amelisoma lote ameketi kwenye ukingo wa boti yake, miguu inaning'inia. Amecheka mara kadhaa. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza wingu la siku ile nililiona wakati gani, nikamwambia: nimewasha kiko, nusu ya kiko mvua. Akasema boya lake lilikuwa njiani mwa lile wingu na lenyewe lilishtuka wakati uleule. Mitambo nayo ilichelewa.

"Babu, hapa umeandika kwamba shemeji alikosea na wewe ulikosea zaidi."

"Zaidi kidogo."

"Mimi nimekosea kuliko nyote wawili. Zamani hali ya leo ilikuwa inakuambia hali ya kesho. Siku hizi hata saa hii haisemi mengi kuhusu saa ijayo. Haijawa hivyo ghafla, imekuja polepole, miaka na miaka, huko nje kwenye maji. Ni kama mtu aliyekuwa anabisha hodi kwa utaratibu, kila mwaka hodi inakuwa fupi, mpaka siku anaingia tu."

Nimerudi na neno hilo kichwani. Hodi. Mwaka jana nilijilaumu kwa siri kila siku, humu sikuandika, kwamba labda ni uzee. Kumbe aliyebadilika si mimi. Mwaka mzima nimemchukia mtu, na kumbe huyu mwehu mwenye maji, bahari, ndiye alikuwa ananichezea, ananichekea mchana na jioni, miaka arobaini nikimwita rafiki.

Sijamsamehe shemeji. Nimemweka foleni. Mbele yake sasa yuko mwingine.

Julai 31

Mkutano umeitwa mapema kwa sababu ya hasara. Ghala lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Shemeji aliketi mbele, mkono wa chuma umelala mezani juu ya kitambaa chake.

Mzee wa ghala, ndiye mwenye kuendesha mkutano, akasema wamezungumza, na wengi wanaona mkono urudi kwa Babu Mlango. Wakapiga makofi! Haohao, viganja vilevile. Shemeji akasimama, akauchukua, akaja nao mpaka nilipoketi. Aliinama kweli, maana kiti changu ni kifupi. Kila kitu kikawa kama nilivyokipanga.

Nikaupokea. Ningekaa kimya ningekwenda nao nyumbani. Lakini mimi nikishapigiwa makofi lazima niseme kitu, ndivyo nilivyoumbwa.

Nikasimama. Nikasema, "Mjue mnampa nani. Lile wingu mimi ndiye niliyeliona kwanza. Kabla ya boya, kabla ya ndege. Likiwa doa tu! Nani mwingine aliliona likiwa doa?"

Nikavimba.

Halafu ikatoka sauti nyuma, ya mwanamke, taratibu. "Uliliona ukiwa wapi, baba watoto?"

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na magunia, macho makavu.

Ningeweza kudanganya. Nina uwezo huo, sijapungukiwa. Lakini yeye anajua, na angekuwa anaujua huo uongo kila asubuhi mbele ya ule msumari.

"Nilikuwa mbele ya nyumba ya shemeji," nikasema. "Nimekaa kwenye jiwe. Sikubisha."

Zikazuka kelele. Mmoja akaniita mchawi, mwingine akasema nikamatwe. Yule kijana wa mabwawa ya juu akapanda juu ya benchi. Shemeji ndiye aliyeinua kiganja wakatulia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwacheni. Angebisha asingeniamsha. Nilikuwa macho." Akauonyesha mkono wa chuma. "Nililiona na mimi, dirishani. Nilikuwa nakitafuta hicho chuma nyumba nzima. Nilikuwa nimekificha shemeji asikiibe, na mahali nilipokificha nikapasahau."

Kuna mtu alicheka. Kisha wawili. Kisha ghala zima likacheka kicheko kibaya cha watu walioibiwa. Tulisimama pale, mimi na shemeji, vizee viwili na chuma katikati.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Nikasoma makosa ya shemeji, yote, sikumhurumia hata moja, na nywele nikazisoma. Halafu nikasoma yangu. Halafu nikasema:

"Mkinipa mkono huu leo, mwakani mtaninyang'anya tena, mtampa mwingine, naye mtamnyang'anya. Mkono ulilala nyumbani kwa mtu kwa sababu bahari ilikuwa inapiga hodi. Siku hizi haipigi. Inaingia. Mkono ukae mlangoni, kwa mnyororo, na aliye karibu auzungushe, awe nani."

Kelele tena. "Na wenye vinyongo je? Wakitufungulia maji kusudi?"

"Mwenye kinyongo kuliko wote hapa nani?" nikauliza.

Wakanitazama. Wakakubaliana kwa mara ya kwanza mwaka huu.

"Ni mimi. Na mimi nasema ukae pale."

Agosti 1

Shemeji ameleta mnyororo, mimi nimeleta kufuli la kufungia mnyororo kwenye nguzo. Hatukusalimiana. Alishika pete ya mnyororo nguzoni, nikaipiga nyundo. Alisema, "Usinipige kidole." Nikasema, "Sijaamua bado."

Agosti 5

Jua, mvua, jua. Mama mwenye bwawa la mwisho ndiye alikuwa karibu na mlango, ana mtoto mgongoni. Akaacha reki akazungusha. Maji ya mvua yakaondoka yakiwa matamu, nilionja. Chumvi haikuguswa. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepoteza kiatu.

Nimeitazama bahari nikaiambia: moja.

Agosti 9

Mbili. Safari hii alikuwa yule kijana wa mabwawa ya juu. Nimemsifu kidogo, asivimbe.

Agosti 12

Nimeanza kukwangua ukoko mwembamba. Mke wangu aliniona, akaanza kuimba. Wimbo wenyewe haukuwa na maneno lakini niliyaelewa yote.

Chumvi hii haina sifa. Haitafuniki. Lakini kila reki ninayovuta namnyang'anya yule mwehu kitu kabla hajageuka. Kila toroli ni tusi. Nalala vizuri.

Agosti 16

Jua.

Agosti 23

Msimu umefungwa. Malundo ni madogo kuliko ya zamani, lakini yapo, ni meupe, na yako nchi kavu. Bahari leo imebadilika mara nne kabla ya chai ya jioni, ikajisumbua bure.

Shemeji ameketi barazani kwangu, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alisema kiko changu kinanuka. Nikamwambia nywele zake zinanuka zaidi. Alikaa mpaka jua likazama. Sijamsamehe, foleni haijafika kwake, na kwa jinsi bahari ilivyo naona itachelewa.

Msumari upo ukutani. Nilitaka kuung'oa, mke wangu akakataa. Ametundika hapo turubai lake.

Haya niliyoandika ni kweli, na anayetilia shaka asiniulize mimi, maana mimi najipendelea. Amuulize mke wangu, dada wa mmoja na mke wa mwingine, hana sababu ya kumdanganyia yeyote kati yetu. Akitoka hapo aende mwisho wa mfereji akaushike mkono wa chuma. Haujafungiwa ndani. Mtu yeyote anaweza kuuzungusha.